Pesa ya ufuta na ndoo ya rangi: Soma ukuta kwanza

NI jambo la kawaida katika vijiji vya Milola, mkoani Lindi, kuona nyumba ya tofali iliyoezekwa mabati ikikaa miaka miwili au mitatu bila rangi. Mwenye nyumba si mvivu. Anasubiri ufuta. Mwaka mmoja ufuta ulinunua saruji, mwaka uliofuata ukanunua mabati, kisha ukaja wa mlango na nondo za madirisha. Rangi ya ndani huwa ya mwisho, na kwa kuwa ni ya mwisho hununuliwa haraka haraka, mara nyingi siku ileile mkulima anapopokea malipo yake ya mnada.

Hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Mkulima anasimama mbele ya duka la vifaa vya ujenzi Lindi mjini, anatazama kadi ya rangi, anachagua anayoipenda mama watoto, anafunga ndoo kwenye bodaboda na kurudi nayo. Masika yakipita ukuta unavimba malengelenge, rangi inabanduka kama ngozi ya muhogo uliochemshwa, na lawama zote zinamwangukia fundi au kiwanda. Mara nyingi si fundi wala kiwanda. Rangi ile haikuwa ya ukuta ule, au ukuta ule haukuwa tayari kwa rangi yoyote.

Mwandishi wa makala haya anayasema haya kwa uchungu kidogo. Mwaka 2006 nilikamilisha chumba na sebule mjini Lindi. Lipu ilipigwa mwezi wa tatu, mvua zikiwa zinaendelea, na wiki mbili baadaye kulikuwa na harusi ya mdogo wangu. Nilitaka wageni wakute sebule inang'aa, nikanunua rangi ya mafuta ya maziwa. Fundi, mtu mzima kunizidi, alipitisha kiganja ukutani akasema, "Mdogo wangu, ukuta huu bado unatoka jasho." Nikamjibu kwamba harusi haisubiri ukuta. Harusi ilipendeza. Mwezi wa tano sebule ilikuwa na mabaka yanayonata mkononi, na hadi mwisho wa mwaka nilikuwa nimeikwangua yote.

Kwa nini rangi ilinata

Kilichotokea kinaeleweka vizuri na mtu yeyote wa pwani aliyewahi kuona sabuni ikipikwa kwa mafuta ya nazi. Mafuta yakikutana na magadi makali yanageuka sabuni. Saruji mbichi nayo ina ukali wa namna hiyo hiyo. Ukipaka rangi ya mafuta juu ya lipu changa, na ndani ya lipu bado mna maji ya kuubeba ukali huo, sehemu ya mafuta ya rangi inageuka sabuni ukutani. Ndiyo maana inanata, inabadilika rangi, na mwisho inaachia.

Kwa hiyo lipu ya saruji inahitaji muda. Kipimo kinachotumiwa na wajenzi wengi ni siku 28 katika hali ya hewa kavu, na ukuta mnene au msimu wa mvua huhitaji zaidi. Siku hizo zikipita ukali unapungua na maji yanatoka. Ukitaka uhakika zaidi, fanya jaribio lisilo na gharama: kata kipande cha nailoni ngumu chenye ukubwa wa karatasi ya daftari, kibandike ukutani kwa gundi ya karatasi pande zote nne hewa isipite, ukiache siku mbili. Ukikibandua ukakuta matone au ukuta umekuwa mweusi zaidi pale chini, ukuta bado una maji. Rudisha ndoo ndani ukasubiri.

Aidha, jaribu jambo la pili. Pitisha kiganja kikavu ukutani. Ukitoka na vumbi la simenti, lipu hiyo ilikuwa na mchanga mwingi au haikumwagiliwa maji vya kutosha, na rangi itashika vumbi badala ya kushika ukuta. Ukikuta unga mweupe kama wa chumvi, hilo ni tatizo jingine, na kwa wakazi wa mwambao ni zito kuliko yote.

Unga ule ni chumvi kweli. Mchanga ukichotwa ufukweni, iwe Mchinga au Kilwa, unakuja na chumvi ya bahari. Fundi akiufyatulia tofali au kuupigia lipu bila kuuosha, chumvi inabaki ndani. Kila ukuta unapolowa inayeyuka, na kila unapokauka inasogea usoni na kusukuma rangi. Hakuna rangi ya dukani itakayozuia hali hiyo kwa muda mrefu. Dawa ni kusugua unga huo kwa brashi kavu, kuufuta, kuacha ukuta ukauke, kurudia hadi unga upungue, na kwa nyumba inayofuata kutumia mchanga wa mtoni. Milola iko ndani kidogo kutoka baharini, hivyo mkulima wa huko hana sababu ya kuhangaika na mchanga wa ufukweni hata kama ameuziwa kwa bei ndogo.

Unyevu unaopanda kutoka chini ni ndugu yake. Nyumba nyingi hujengwa bila nailoni ya msingi, ile inayotandazwa kabla ya kuanza ukuta ili maji ya ardhini yasipande. Utaijua kwa mstari mchafu unaotambaa juu ya sakafu kiasi cha goti. Katika nyumba ya namna hiyo, rangi ya mafuta sehemu ya chini ya ukuta ni kosa ingawa ndiyo inayopendwa na wengi kwa sababu inafutika. Maji hayapati pa kutokea hapo chini, yanapanda juu zaidi.

Nyumba ya udongo si nyumba ya kusubiri

Si kila anayesoma ukurasa huu ana nyumba ya saruji. Kiwanda cha Dangote kilipoanza kuzalisha mkoani Mtwara mwishoni mwa mwaka 2015, saruji ilisogea karibu na watu wa kusini, lakini nyumba za miti na udongo zingalipo nyingi, na baadhi yake ni imara na zenye ubaridi mzuri kuliko za tofali. Wenye nyumba hizo wakipata pesa hushawishika kununua ndoo ya rangi ya maji wakidhani wanaipandisha nyumba hadhi.

Maoni yangu ni kwamba hiyo ni pesa iliyotupwa. Ukuta wa udongo unapumua. Unachukua unyevu usiku na kuutoa mchana, unatanuka kidogo na kusinyaa kidogo. Rangi ya dukani inafanya ngozi juu yake, na ngozi hiyo hubanduka ikiondoka na udongo wenyewe. Kinachokubaliana na udongo ni chokaa.

Na hapa mtu wa Lindi hana haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Magofu ya Kilwa Kisiwani, yaliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981, yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Msikiti Mkuu ulianza kujengwa karne ya 11 na kupanuliwa baadaye, na Husuni Kubwa ni ya karne ya 14. Kuta hizo zimepigwa na jua, mvua na upepo wa bahari wenye chumvi kwa mamia ya miaka, na bado sehemu za lipu ya chokaa zinaonekana. Zanzibar nako, wataalamu wa hifadhi ya Mji Mkongwe wamekuwa wakilalamikia nyumba za mawe zilizopigwa lipu ya saruji na rangi isiyopitisha hewa: unyevu unafungiwa ndani, na ukuta wa mawe unaoza kutoka tumboni.

Siri ya chokaa ni rahisi. Jiwe la matumbawe au la chokaa likichomwa kwa moto mkali linatoa hewa ya ukaa. Likizimwa kwa maji linakuwa uji. Uji huo ukipakwa ukutani unavuta tena hewa ya ukaa polepole na kurudi kuwa jiwe jembamba. Si ngozi juu ya ukuta bali sehemu ya ukuta, na lina matundu madogo yanayopitisha mvuke.

Zamani chokaa ya pwani ilichomwa juu ya lundo la magogo ya mikoko. Leo mikoko ni msitu wa hifadhi, kuikata bila kibali ni kosa, na matumbawe ndiyo nyumba ya samaki, hivyo chokaa ya mfuko iliyochomwa kiwandani, kama inayotoka Tanga, ndiyo ya kununua. Ila mkulima awe macho: chokaa ya kilimo, ile ya kupunguza uchachu wa udongo shambani, mara nyingi ni jiwe lililosagwa tu bila kuchomwa. Haishiki ukutani hata uipake mara kumi. Muulize muuzaji kama ni chokaa iliyozimwa ya ujenzi, na soma mfuko.

Kuipaka kunahitaji subira zaidi ya ujuzi. Kandika nyufa zote kwanza na acha zikauke. Loweka chokaa kwenye pipa usiku kucha, chuja kwa kitambaa, kisha iongeze maji hadi iwe nyepesi kama maziwa, si kama uji. Nyunyizia ukuta maji uwe na ubaridi lakini usitiririke. Paka mkono mwembamba, usubiri hadi kesho, paka wa pili, na wa tatu. Ukiipaka nzito mara moja inapasuka na kudondoka kama magamba. Wakati wa kupaka itaonekana kama haijafunika kitu. Ikikauka ndipo inapokuwa nyeupe. Vaa miwani na glovu, na watoto wakae mbali, kwa maana chokaa ikiingia jichoni inaunguza. Ikitokea, osha kwa maji mengi safi kwa muda mrefu na uende zahanati.

Chokaa itahitaji kurudiwa kila mwaka au kila baada ya miaka miwili, na ukiegemea inachafua nguo. Lakini jiko la kuni likiwa ndani au kando ya nyumba, kuirudia ni nafuu kuliko kusugua masizi kwenye rangi ya ndoo.

Kuna mtego mmoja. Wapo wenye nyumba za saruji wanaosema, "Mwaka huu nipige chokaa, mwakani nitaweka rangi." Rangi ya maji ikipakwa juu ya chokaa inayotoa unga haishiki. Mwakani itabidi uikwangue chokaa yote, na kazi hiyo ina gharama ya fundi ya siku kadhaa. Kama pesa haitoshi mwaka huu, acha lipu wazi. Haigharimu kitu, na kila mwezi unaopita ukuta unazidi kukauka.

Rangi ya maji, rangi ya mafuta

Kwa lipu ya saruji iliyokauka vizuri, rangi ya maji ndiyo ya vyumbani na sebuleni. Inapitisha mvuke kiasi, inakauka ndani ya saa chache, haina harufu kali, na brashi inaoshwa kwa maji. Ipo isiyong'aa, ambayo inaficha makosa ya lipu, na ipo yenye mng'ao kidogo inayoitwa silki, ambayo inafutika vizuri zaidi lakini inaonyesha kila kovu la mwiko. Katika nyumba ambayo lipu yake haikunyooka sana, na tukubali nyingi hazikunyooka, isiyong'aa ina heshima zaidi. Kupiga puti ukuta mzima ili upate ulaini kunaweza kugharimu kuliko rangi yenyewe. Ziba mashimo na nyufa tu, piga msasa, futa vumbi.

Rangi ya mafuta ibaki kwenye milango, fremu na madirisha ya chuma, na kama nyumba haina unyevu wa chini, kwenye ukanda wa mita moja wa korido ambako watoto hupitisha mikono. Hapa kuna suala la afya ambalo halizungumzwi vya kutosha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliopima rangi za nyumba za nchi kadhaa ikiwemo Tanzania, ulikuta madini ya risasi kwa wingi katika rangi nyingi za mafuta, wakati za maji zilikuwa nayo kidogo sana. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama. Marekani iliipiga marufuku katika rangi za nyumba mwaka 1978, na tangu 2009 kiwango chake hakiruhusiwi kuzidi sehemu 90 katika milioni. Tafuta kopo lililoandikwa wazi kwamba halina risasi na lenye alama ya ubora ya TBS. Na kama unakwangua mlango wa zamani, usipige msasa mkavu ndani. Lowesha kwanza, kusanya magamba yote, usiyaache uwanjani ambako kuku na watoto wanachakura.

Kuhusu rangi yenyewe ya kuchagua, kila mtu na jicho lake. Ila vyumba vyetu vina madirisha madogo, na nyumba nyingi zinatumia taa ya sola. Rangi nyeupe au ya maziwa inarudisha mwanga chumbani, taa ndogo ikaonekana kubwa. Bluu nzito na kijani kibichi hupendeza kwenye kadi, lakini jioni chumba kinakuwa pango.

Hesabu kabla ya nauli

Tuchukue nyumba ya vyumba vitatu vya futi 10 kwa 12, yaani mita 3 kwa 3.6, na sebule ya mita 4.2 kwa 4.8, kuta zote zikiwa na kimo cha mita 2.7. Chumba kimoja kina mzunguko wa mita 13.2. Zidisha kwa kimo, toa mlango na dirisha, unabaki na mita za mraba 32 hivi. Sebule, ukitoa milango miwili na madirisha mawili, ina kama 42. Jumla ni mita za mraba 138 au 139, na kwa mikono miwili ni karibu 277.

Lita moja ya rangi ya maji hufunika mita za mraba 10 hivi kwa mkono mmoja kwenye lipu laini, na 8 kwenye lipu yenye mikwaruzo. Kwa hiyo unahitaji lita 28 hadi 35. Hiyo ni ndoo moja ya lita 20 na makopo mawili hadi manne ya lita 4. Uliza pia bei ya ndoo ya pili kabla ya kuchukua makopo manne, kwani lita ya kwenye ndoo kwa kawaida ni nafuu. Nunua zote siku moja, zenye namba moja ya uzalishaji. Rangi iliyochanganywa kwa mashine leo na ile utakayofuata wiki ijayo zinaweza kutofautiana, na tofauti itaonekana katikati ya ukuta.

Na uwepo wakati fundi anachanganya maji. Mkono wa kwanza unaweza kuongezwa maji kiasi kilichoandikwa kwenye ndoo, wa pili kidogo zaidi ya hapo hapana. Ndoo ikifanywa iwe mbili, utaambiwa kiwanda kimeharibika siku hizi. Ni vizuri kupatana na fundi kwa chumba, na rangi ununue mwenyewe.

Wenye maduka madogo Milola na Rutamba nao wana nafasi yao hapa. Wakati wa ufuta weka nyeupe na ya maziwa, chokaa ya ujenzi, puti, misasa na nailoni ya msingi. Usirundike ndoo chini ya bati lisilo na dari. Rangi ya maji ikipata joto la miezi inaganda, na iliyokwisha kufunguliwa inaoza na kunuka. Uza kwanza iliyotangulia kuingia. Mwezi Mei 2024, kimbunga Hidaya na mvua zake vilipoikata barabara ya Dar es Salaam eneo la Somanga, mzigo wa kusini ulikwama, hivyo si busara kungoja Julai ndipo uagize.

Kwa bahati nzuri kalenda ya Lindi inamsaidia mkulima wa ufuta. Mvua zinaisha Mei, ufuta unavunwa na kuuzwa kati ya Mei na Julai, na miezi ya kiangazi inayofuata ndiyo mikavu kuliko yote. Lipu iliyopigwa Juni inaweza kupakwa rangi Agosti bila wasiwasi. Anayetegemea korosho ana hali tofauti: pesa yake huanza kuja Oktoba na kuendelea, na kufikia Desemba mawingu yameshafunga. Huyo apige lipu kwa pesa ya korosho akipenda, lakini rangi aiache hadi kiangazi kijacho, na wakati huo abaki na lita moja kwenye kopo lililofungwa vizuri na kuandikwa jina la rangi kwa kalamu, kwa ajili ya pale mlango utakapogonga ukuta.